Fundi, Kakipande Kadogo Tu

"Fundi, toa tu hapo shangazi anapojichokonoa meno. Sekunde nane tu, haikuchukui muda." Ndivyo wanavyoongea wateja wa Ngamiani, hapa Tanga, wamesimama mlangoni, mkono mmoja DVD ya harusi iliyokwisha kuchomwa, mkono wa pili kashata. Sekunde nane! Na bei, bila shaka, "si tulishalipa?"

Haya, twende taratibu. Video zetu ni za mfumo wa PAL, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde nane ni fremu 200. Ukizitoa, kila kitu kilicho baada ya shangazi kinasogea fremu 200, ila menyu haina habari. Menyu iliambiwa kitufe cha "Keki" kinakwenda dakika ya 52 na sekunde 10, na huko ndiko kitakakokwenda mpaka kiama. Mtu anabonyeza Keki, anakuta kisu kimeshazama na bwana harusi anatafuna. Anabonyeza "Kutunza", noti zimeshamwagika. Halafu wa kulaumiwa nani? Si shangazi.

Dawa ni kutokata. Funika! Tafuta picha za maua ya ukumbini, au watoto wanaokimbizana, fremu 200 kamili, isipungue wala isizidi hata moja. Laza juu ya shangazi kwenye taimlaini, ule mstari wa kuhariria, sauti iache iendelee kama ilivyokuwa. Urefu haukubadilika, chapta (zile alama ambazo vitufe vinarukia) hazikusogea, na faili la sauti, lile la .ac3, huligusi kabisa. Unarenda, yaani unatoa upya, faili la picha, .m2v, peke yake. Wanaorenda picha na sauti pamoja kwenye faili moja watajijua wenyewe.

Mipangilio ya kurenda iwe ile ile ya mwanzo. Ile ile, siyo inayofananafanana. Picha 720 kwa 576. Kama ilikuwa 16:9 ibaki 16:9. Kila fremu ina fildi mbili, nusu mbili za mistari yake: kama ni fildi ya juu kwanza, ibaki ya juu kwanza. Ukigeuza fildi, kina mama waliosimama wataonekana sawa, lakini wakianza mduara tu skrini nzima inatetemeka. MPEG-2, mfinyazo wa picha wa DVD, hufungasha fremu kwa makundi: fremu za kundi moja zisizidi 15, maana chapta lazima iangukie mwanzo wa kundi. Kundi likivurugika, kitufe kinaruka hadi mwanzo wa kundi la karibu, na hapo imeliwa kama nusu sekunde. Na faili likiwa nje ya masharti ya DVD, programu nyingi zinalikandamiza upya zenyewe, kimyakimya. MPEG-2 ikikandamizwa mara mbili, hina ya bi harusi inageuka vigae.

Tena usirende moja kwa moja juu ya faili la zamani. Huu mji una umeme wenye tabia zake. Ukikatika katikati ya kazi unabaki na faili lenye jina sahihi na harusi nusu, na la zamani limeshafukiwa. Renda kwenye folda ya pembeni. Likikamilika, lilinganishe na la zamani kwa fremu: likiwa fupi kuliko alama ya chapta ya mwisho, programu itagoma, au itaifuta chapta hiyo bila kuaga.

Ndipo unabadilisha. Hifadhi projekti (faili la kazi yako ya DVD), kisha funga ile programu ya kutengenezea DVD. Funga kabisa, siyo kuishusha chini. Ikiwa imelishika faili, Windows haikuruhusu kulifuta, unabaki kubishana na kidirisha. La zamani lipe jina lingine, tuseme harusi_zamani.m2v, ulihamishie folda nyingine. Jipya lipe jina lile lile la mwanzo, mahali pale pale, herufi kwa herufi. Projekti haihifadhi video, inahifadhi anwani ya video tu, kwa hiyo ukiifungua inachukua jipya na vitufe vyote vimekaa.

Kama kwenye menyu bado unamwona shangazi na kijiti chake, usipige meza. Programu nyingi hutunza vijifaili vya muhtasari na vipicha vya menyu, kandokando ya video au kwenye folda ya muda. Vifute, ivitengeneze upya.

Kuna mafundi (wapo, tena wana vibao vikubwa) wanaoingia kwenye VIDEO_TS, folda ya DVD iliyokwisha kujengwa, na kuchomeka VOB mpya, faili lenye picha na sauti, mahali pa ile ya zamani. Ndugu zangu! Faili za IFO zimeandika kila kipande kinaanzia sekta ipi, na BUP ni nakala ya hizo hizo. Ukibadilisha VOB peke yake, ramani ni ya nyumba nyingine. Futa VIDEO_TS yote, jenga upya kwenye folda tupu.

Halafu linakuja suala la nafasi. DVD ya kawaida imeandikwa gigabaiti 4.7, lakini hizo ni bilioni za baiti. Kompyuta itakusomea 4.37. Harusi ya saa mbili ni sekunde 7,200. Bilioni 4.7 mara biti 8, gawa kwa 7,200, unapata megabiti 5.2 kwa sekunde kwa kila kitu. Toa sauti 0.192, toa menyu na akiba kidogo, picha ibaki na megabiti 4.7 hivi. Atakayeweka 8 kwa kutaka sifa atapata gigabaiti 7.2, akaitafutie gunia. Na hata bila sifa, ukirenda kwa kiwango cha biti kinachopanda na kushuka, faili jipya linaweza kuzidi kidogo. Kama disiki ya kwanza ilijaa pomoni, hii haiingii. Maua yana majani mengi, majani yanakula biti kuliko shangazi aliyetulia.

Jaribu kwanza kwa DVD-RW, ile inayofutika, na siyo kwenye kompyuta tu. Tafuta deki kongwe ya sebuleni, yenye kitambaa cha kufuma juu yake, ubonyeze kila kitufe cha menyu. Ikipita hapo, choma kwa kasi ya 4 au 8. Hiyo 16 waachie wenye haraka.

Baada ya yote hayo atauliza, "Na zile kumi na tano tulizokwisha kugawa Pangani na Korogwe, hazifutiki mkaandika tena juu yake?" Hazifutiki mama, ni DVD-R. Mwenye shamba la mpunga Mombo azitundike, zinafukuza ndege vizuri sana.