Ukitaka kufufua Land Rover, nunua Kigoma

Sisi tunaoishi Uingereza tukirudi likizo huwa tunakuja na hotuba: wenzetu kule wanatunza vitu, nyie huku mnaua. Magari ya zamani ndiyo mfano unaopendwa. Utaambiwa Mwingereza ana Land Rover ya 1962 na anatoka nayo kila Jumapili, wakati ya rika hiyo iko nyuma ya gereji moja pale Gungu, Kigoma, kuku wanataga kwenye siti. Mimi ni mtu wa Ujiji, naishi Birmingham, pua na mdomo na Solihull zilikoanza kutengenezwa hizo Land Rover mwaka 1948, na hotuba hiyo imenichosha. Kijana wa Kigoma anayetafuta gari lake la kwanza la kufufua amekaa mahali pazuri kuliko mimi. Kuna kitu anakosa, ndiyo, lakini sicho hicho wanachomhubiria.

Kwa nini Land Rover? Peugeot 404 ni gari la heshima, lilishinda Safari Rally mara nne miaka ya sitini, na wazee wetu wanalikumbuka. Tatizo lake ni kwamba bodi ndiyo hiyohiyo chesisi, ule mfupa wa chini unaobeba gari. Likioza chini, anayeanza hana pa kushika. Land Rover ina chesisi inayojitegemea, na bodi ni vipande vya aluminiamu vinavyofunguliwa kwa spana, kimoja kimoja. Anayejifunza achukue Series III, ile ya 1971 hadi 1985, kwa sababu giaboksi yake ina sinkro, vile vipete vinavyosaidia gia kuingia bila kukwaruza, kwenye gia zote nne za mbele. Series IIA iliyoitangulia ina sinkro kwenye ya tatu na ya nne tu. Ukitaka kurudi ya pili kwenye mlima, ukanyage klachi mara mbili na umwombe Mungu.

Sasa njoo tukaangalie moja inayouzwa huku Uingereza. Picha safi, rangi ya kijani, mwenye gari mpole, chai umekaribishwa. Lala chini na bisibisi. Kila msimu wa baridi barabara za hapa humwagiwa chumvi ili barafu isigande, na matairi huirusha hiyo chumvi hadi ndani ya chesisi, ambayo ni chuma chenye uwazi katikati. Kutu inaanzia ndani, macho hayaioni. Gonga kwa mpini: ting, ting, ting. Ukifika kwenye ile boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya trela, mlio unazima ghafla, na ukigeuza bisibisi ukasukuma, inazama. Juu yake pamepakwa rangi nyeusi nzito ambayo bado inanuka. Hamia mbele, kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Huo ni wa chuma, si aluminiamu, na mara nyingi pembe zake za chini zimebaki jina. Kwa anayeanza, kazi hiyo ni ya kuchomelea tu, miezi na miezi, kabla hajaigusa injini hata kidogo.

Kigoma mvua tunayo, tena ya kutosha. Lakini barabarani hakuna chumvi, na Tanganyika ni ziwa la maji yasiyo ya chumvi. Land Rover iliyolala Kasulu utaikuta chesisi imepinda, imepasuka kwa mizigo ya mawese, imepigwa viraka juu ya viraka. Chuma chenyewe kipo. Mpasuko unachomelewa ukaisha. Kuoza ni kukata, na ukishaanza kukata hujui utakoma wapi.

Halafu kuna mikono. Bei ya saa moja ya fundi wa huku ingemlipa fundi wa Mwanga, pale Kigoma mjini, kutwa nzima, na soda juu. Na huyo wa Mwanga anajua vitu ambavyo huku vimebaki kwa wazee wachache. Nenda kamwangalie akitengeneza gasketi. Analaza karatasi ngumu juu ya mdomo wa pampu ya maji, anashika nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, anaanza kugonga taratibu kufuata kingo, tik tik tik. Makali ya chuma yenyewe ndiyo yanayokata karatasi. Matundu ya bolti anayatoboa kwa kuweka gololi juu ya tundu na kuipiga mara moja. Anapaka grisi kidogo, anafunga, haivuji. Huku ningeagiza kwa simu na kuisubiri kwa posta. Wapo wanaoliita hili la Mwanga ubabaishaji. Nawaambia waje na karatasi yao na nyundo tuone.

Nikiri upande wa pili, maana upo. Uingereza ina vipuri. Gari ambalo kiwanda kililiacha tangu 1985 bado unaagizia kila kitu chake, kuanzia mpira wa dirisha hadi chesisi mpya iliyochovywa zinki. Na serikali yao imelegeza kamba: gari likishafikisha miaka 40 unaweza kulisajili kama la kihistoria, likaacha kulipiwa kodi ya barabara, na kama halijabadilishwa sana halilazimiki hata kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Hapo ndipo kijana wa Kigoma anapoachwa. Mafundi anao. Silinda kuu ya breki iliyo sahihi kwa gari lake, hana, na breki si mahali pa kuchonga mpira kwa kisu. Vitu hivyo ni vidogo na vyepesi, sisi tulio huku tunaweza kuvituma kwa anayesafiri. Badala ya hotuba, tubebe mipira ya silinda.

Gari zima ni habari nyingine. Kila mara nasikia mtu anataka kununua huku aisafirishe hadi Dar. Mamlaka ya mapato, TRA, hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka, ongeza meli, ongeza bandari, ongeza safari ya kutoka Dar hadi Kigoma, na mwisho wa yote umepeleka kutu.

Na hao wanaosema watu wa kwetu hawajui kufufua vitu, wamesahau kilichopo bandarini. Meli ya MV Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito isishike kutu. Ikaibuliwa 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini, na tangu hapo ni mafundi wa ziwani walioishika kizazi kwa kizazi. Anayetaka kujua namna ya kulaza gari aanzie kwenye ile grisi.

Mpwa wangu ameshapata yake, Series III 109, ile ndefu, huko Kasulu. Ndani ina injini ya dizeli ya Toyota, jambo ambalo wapenzi wa magari wa huku wangelia machozi. Nimemwambia aiache. Ni injini inayopatikana vipuri mpaka Kibondo, na gari lililobeba wagonjwa, maharusi na maiti kwa injini hiyo halina deni kwa mtu. Nilichombana nacho ni kadi ya gari. Mwenye jina kwenye kadi alishafariki, wanaouza ni watoto wake, na kuna mmoja yuko Tabora ambaye hajaulizwa. Asitoe hata shilingi mpaka karatasi za mirathi zionekane na TRA wathibitishe kwamba namba ile ni ya gari lile. Gari likishapigwa rangi ndipo ndugu wanapolikumbuka.

Hilo amelielewa. Tunachobishana sasa ni rangi. Anataka nyeupe yenye mistari, kama magari ya mashirika ya wakimbizi. Mimi nimesema kijani, na mama yake yuko upande wake.