Chekipointi kila dakika 1: unawahi kuwaka, unalipia mchana kutwa

Hapa Dodoma sisi tunaohudumia seva za maduka ya jumla na maghala ya nafaka tuna ubishi hauishi: umeme ukikatika ghafla halafu ukarudi, PostgreSQL (programu inayotunza data za mauzo) inakaa inasoma logi, yaani daftari lake la mabadiliko, huku wateja wamejaa dirishani, sasa kuna wanaosema shusha muda kati ya chekipointi (kushusha data kwenye diski) toka dakika 5 za kawaida uweke 1, wengine wanasema usiguse.

Wanaotaka kushusha wana hoja. Kila badiliko linaandikwa kwanza kwenye logi (WAL), kurasa zenyewe (vipande vya data) zinabaki memori zikisubiri, chekipointi ndo inazishusha kwenye diski na kuweka alama. Mashine ikizimika inaanza pale kwenye alama ya mwisho, inarudia yaliyofuata tu. Alama ikiwa ya karibuni, cha kurudia ni kidogo.

Ila bei yake sasa. Baada ya kila chekipointi, ukurasa ukiguswa mara ya kwanza unaandikwa mzima kwenye logi, kilobaiti 8, hata kama umebadilisha salio la gunia moja tu (ni kinga, ukurasa usije ukabaki nusu umeme ukikata). Kwa hiyo ukurasa wa stoo unaoguswa muda wote utaandikwa mzima kila dakika. Chukua ghala la Kibaigwa msimu wa mahindi, mizani haipumzi, seva ina diski ya kuzunguka, lazima karani aanze kulalamika risiti hazitoki.

Halafu wengine wanadhani chekipointi ndo inaokoa mauzo, hapana. Muamala ukishakomitiwa (ukishathibitishwa) uko kwenye logi tayari, utarudi tu hata chekipointi iwe ya muda gani uliopita. Kinachoulinda ni fsync, yaani kulazimisha logi ifike kweli kwenye diski, na kuna watu wanaizima wapate spidi, hao mi siwaelewi kabisa.

Mi naegemea kuacha 5, ila uicheki max_wal_size (kikomo cha ukubwa wa logi), kawaida ni GB 1, mauzo yakiwa mengi kikomo kinakaribia haraka na chekipointi zinapigwa kabla ya muda wake, hapo iongeze. Hela tia kwenye UPS (betri ya akiba) inayoongea na seva ijizime yenyewe: ikizimwa vizuri inapiga chekipointi ya mwisho, ikiwaka haina cha kurudia. Kama bosi hataki kununua, umeme wenu unakatika kila mara na mauzo ni ya kuhesabu, weka 1 tu, diski haitasikia.