Megapikseli 24, bei mara nne

Mwaka 2021 Canon waliingiza sokoni kamera ya EOS R3 kwa dola 5,999. Miaka miwili baadaye wakaleta EOS R8 kwa dola 1,499. Zote zina megapikseli 24 na kihisi, kile kipande kinachonasa picha, cha ukubwa uleule, milimita 36 kwa 24. Kichekesho ni kwamba kwenye karatasi R8 ndiyo yenye mbio: picha 40 kwa sekunde, R3 kwa kawaida ikienda 30. Sasa hizo dola 4,500 za ziada zinalipia nini?

Nyingi zinalipia kisichoonekana dukani. Kihisi cha kawaida, ukipiga kwa shata ya kielektroniki isiyo na pazia la kusogea mbele yake, husoma picha mstari kwa mstari, juu kwenda chini, na kabla hakijamaliza mambo yameshasogea. Mpige mcheza gofu akishusha fimbo: itatoka imepinda kama upinde. Ingia ukumbi wa harusi wenye taa za LED, shela la bibi harusi linachorwa mistari ya giza. Kihisi cha R3 ni cha tabaka, saketi za kusomea zimebandikwa nyuma yake, kwa hiyo husoma upesi na kasoro hizo hupungua sana. Kukitengeneza ni ghali, na wanunuzi wenyewe wa kugawana gharama hiyo ni wachache.

Halafu kadi. R3 inaandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, R8 ina nafasi moja tu. Niliwahi kupiga akdi Tanga kwa kamera ya kadi moja. Kufika nyumbani, kompyuta ikasema kadi haisomeki. Nilikaa kitandani na namba ya baba wa bibi harusi mkononi, sijui nianzie wapi.

Hapo nawaelewa watengenezaji. Lakini tazama EOS R6 Mark II: kihisi kilekile cha R8, ilitoka mwaka 2022 kwa dola 2,499. Elfu moja hiyo ya ziada ilikupa nafasi ya pili ya kadi, kitulizi cha mtikisiko ndani ya kamera, betri kubwa zaidi na shata kamili ya mitambo. Sitaki kuamini kwamba vitu hivyo vinagharimu dola elfu moja kiwandani. Huo ni uzio: kitu kinaondolewa makusudi ili ukihitaji upande ngazi. Nikon nao mwaka 2023 walichukua kihisi cha Z9 ya dola 5,500 wakakiweka kwenye Z8 ya 4,000, yenye umbo na betri ndogo zaidi.

Kwa anayepiga bidhaa za dukani, picha ziishie WhatsApp, R8 inatosha na chenji anunue lenzi nzuri. R3 waachiwe wapiga michezo viwanjani. Wa harusi ndiye mwenye kubanwa, maana hana marudio.

Yule baba wa Tanga nilimrudishia pesa yote. Kamera yangu ya sasa ina nafasi mbili za kadi, ila kihisi chake si cha tabaka. Nikizikuta taa za LED narudi kwenye shata ya mitambo, napata picha chache kwa sekunde, kazi inaendelea.