Stika mpya, mtungi mtupu

Mama mdogo ana duka la vitenge Kariakoo, ghorofa ya kwanza, kwenye jengo lenye ngazi moja ambayo watu wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Alhamisi moja mchana soketi ya duka la jirani, iliyobebeshwa pasi, feni na chaja tano kwa mkupuo, ilianza kutoa cheche. Robota la nguo lililokuwa chini yake likashika. Kijana wa dukani akakimbilia mtungi mwekundu ukutani, akachomoa pini, akaminya. Ukatoa pumzi fupi, basi. Hata chembe ya unga haikutoka. Mzee mmoja wa duka la mwisho ndiye aliyekumbuka kushusha swichi kuu, na moto ukazimwa kwa ndoo za maji za mama lishe wa chini. Hakufa mtu. Mama mdogo alitetemeka mpaka magharibi.

Tulipotulia niliusogelea ule mtungi. Mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Pembeni yake palikuwa na stika mpya inayong'aa: umekaguliwa, umejazwa, tarehe ya mwezi uliotangulia, na sahihi ya kalamu ya bluu. Risiti ilikuwa kwenye droo, mitungi miwili imelipiwa. Jina la kampuni naliacha. Nilimuuliza mama mdogo fundi alikaa muda gani siku ile. "Hata chai niliyokuwa nakunywa haikupoa," akasema. Alipangusa vumbi kwa kitambaa, akabandika, akaenda.

Nimeiwaza ile stika kuliko nilivyouwaza moto wenyewe. Kuna mtu alisaini kwamba kazi imefanyika, akijua haijafanyika, na akijua kwamba siku mtungi utakapohitajika yeye hatakuwepo. Nikianza kuhesabu misiba ya jiji hili la Dar es Salaam, karibu kila mmoja naukuta na stika yake.

Chukua Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, Mtaa wa Indira Gandhi. Jengo lilianguka likaua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10, jengo likawa limefika 16. Ghorofa haipandi usiku mmoja. Kila moja kati ya zile sita za ziada ilikuwa na nondo, na mbao, na gari la zege lililofunga mtaa mchana kweupe, katikati ya mji, mwendo mfupi tu kutoka kwenye ofisi zenye mamlaka ya kusimamisha ujenzi. Jengo pacha lililokuwa ubavuni mwake liliamriwa kubomolewa. Amri ilitangazwa kwa sauti kubwa, miaka ikapita, na wakazi wa pale wakaendelea kulitazama likiwa limesimama.

Miaka 11 baadaye, tarehe 16 Novemba 2024, ni Kariakoo. Jengo lenye maduka na wafanyabiashara ndani linashuka huku watu wakiwa wamechimba chini yake. Waliofukiwa walikuwa wakizungumza na waliokuwa juu, na sisi majumbani tukisikiliza sauti zao kwenye simu zetu. Dakika za kwanza waokoaji walikuwa wamachinga na wabeba mizigo, wenye nyundo na mikono mitupu. Zaidi ya watu 20 walikufa. Serikali ikaunda tume, na ikaamriwa majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Nilipolisikia agizo hilo niliumia, kwa sababu ukaguzi haukupaswa kusubiri agizo. Ni kazi ya kila siku ya watu wanaolipwa mshahara kwa kodi za hao hao waliofukiwa.

Hapa lazima niwatetee watu ambao kila mara hutukanwa kwanza. Askari wa zimamoto akifika mtaani kwetu hupokelewa kwa matusi: mmechelewa, mmekuja bila maji. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021 maneno yalikuwa hayo hayo. Lakini gari lenye lita 5,000, mpira ukifunguliwa kwa nguvu zote, hukauka kwa dakika chache tu. Halikuumbwa lizime soko peke yake. Linatakiwa lifike lijiunge na bomba la barabarani lililo hai. Mabomba hayo yako wapi? Mengine yamefukiwa na lami wakati wa kupanua barabara, mengine yamezungushiwa vibanda, mengine hayajaona maji miaka nenda rudi. Kila aliyelifukia alikuwa na mkandarasi, msimamizi na cheti cha kukabidhi mradi kilichosainiwa kwamba kila kitu kiko sawa. Yule askari anarushiwa mawe kwa ajili ya sahihi ya mtu mwingine, aliyeketi mahali penye kiyoyozi. Mara ngapi tumeuliza jina la huyo mwingine?

Suala la vifaa nalo lina historia yake. Tarehe 23 Januari 2020, Ukonga, Rais Magufuli alikuwa akizindua nyumba za askari magereza. Mbele ya kamera akaeleza kuhusu mkataba wa kununua vifaa vya zimamoto kutoka kampuni ya Romania, wenye thamani ya zaidi ya euro milioni 400, yaani zaidi ya shilingi trilioni moja, ambao haukuwa kwenye bajeti wala haukupitishwa na Bunge. Siku hiyo hiyo Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, na Kamishna Jenerali wa Zimamoto, Thobias Andengenye, wakaondolewa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikawahoji. Nchi nzima ikashangilia, nami nilishangilia. Kabla mwaka haujaisha, Andengenye alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma.

Simhukumu. Sina mamlaka hayo, na inawezekana kabisa kwamba hakuwa na kosa lolote. Basi kama hakuwa nalo, alistahili kusafishwa hadharani kama alivyoondolewa hadharani. Na sisi tulistahili maelezo ya ukurasa kwa ukurasa: nani aliandika mkataba, nani aliusoma, nani alisema endelea. Trilioni moja si fedha ya kuishia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Tumezoea kuita kutumbuliwa uwajibikaji. Mtu anatolewa kwenye kiti, tunapiga vigelegele, kisha mlango unafungwa na yaliyokuwa ndani yanabaki ndani. Kutenguliwa ni uamuzi wa aliyekuteua, anaweza kukutengua leo na kukuteua kesho kwa kalamu ile ile. Kuwajibika ni kwa waliopata hasara: mjane wa lile jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, mwenye duka lililogeuka majivu sokoni. Hao hakuna anayewarudia na jibu.

Angalia tofauti na ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Katiba, ibara ya 143, inamtaka akabidhi ripoti kwa Rais, kisha ziende bungeni, na zikifika huko ni mali ya umma. Ndiyo maana kila Aprili tunabishana vijiweni kuhusu halmashauri zilizokusanya fedha kwa mashine za POS zisifike benki. Wezi wengi wanapona, nakubali, lakini angalau tunajua ukurasa gani wa kufungua. Tume ya maafa haina ibara ya kuilazimisha hivyo. Inaundwa kwa tangazo, inapewa siku zake, inamkabidhi ripoti aliyeiunda, wanapiga picha ya pamoja. Mimi naomba sheria moja fupi: ripoti ya kila tume iliyoundwa baada ya watu kufa itolewe yote, ikiwa na majina ya waliosaini vibali na vyeti. Na kila cheti cha ukaguzi kinachobandikwa kwenye jengo la biashara kiwe na jina la mkaguzi kwa herufi zinazosomeka.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, akaajiriwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Ila uwanja wa ndege uliopo ufukweni unapaswa kuwa na boti ya uokoaji inayowaka asubuhi ya kila siku yenye safari, na nilitamani siku ile ile mtu aulizwe hadharani ya Bukoba ilikuwa wapi.

Nirudi dukani. Tulikwenda kwenye kampuni iliyobandika stika. Wakatukaribisha soda, wakasema watajaza mitungi yote miwili bure, jambo lisikuzwe. Mama mdogo akakataa soda. Alitaka jina la fundi. "Ameshaacha kazi," wakamjibu. Akataka jina la aliyemtuma na aliyepokea fedha, kwa maana risiti ilikuwa na sahihi ya pili. Meneja hayupo, njooni wiki ijayo.

Mtungi tumenunua mwingine kwingineko, tukaujaribu mbele ya muuzaji. Ile stika mama mdogo aliibandua taratibu kwa wembe isichanike, akaiweka kwenye droo pamoja na risiti. Jumatatu tunarudi.