Mji Ukijitoa Kwenye Mgawo wa Umeme

Mwaka 2023 Afrika Kusini ilipitia mgawo wa umeme mkali kuliko ule wa miaka yote iliyotangulia. Katika mji mdogo wa Frankfort, jimbo la Free State, kampuni binafsi inayosambaza umeme kwa niaba ya halmashauri ya Mafube ilikuwa na umeme wa sola, na ikawa inautumia mchana kufidia kiasi ambacho mji ulipaswa kukatiwa. Miji mingine ikizimwa, Frankfort ilipata nafuu saa za jua. Eskom, shirika la umeme la taifa, likakataa: ratiba ya mgawo ni ya wote, na mji huo uzimwe kama mingine. Kampuni ilikwenda Mahakama Kuu, ikashindwa.

Ni rahisi kukasirika. Mji umejitafutia umeme wake, haujamnyang'anya mtu, halafu unaambiwa ukae gizani kwa sababu jirani naye yuko gizani. Lakini hoja ya upande wa pili si ya kupuuzwa. Anayeendesha gridi ya taifa akiamua kupunguza mzigo, lazima awe na hakika ya megawati anazoziondoa. Wingu likitanda juu ya paneli, mji ule ule unarudi kuvuta umeme wa gridi wakati ambao hakuna wa ziada. Isitoshe, halmashauri yenyewe ilikuwa na deni kubwa kwa Eskom. Na kuna suala la haki: mgawo ni kugawana uhaba, na kila anayejiondoa anapunguza idadi ya wanaoubeba.

Kinachonizuia kuikubali hoja hiyo yote ni Cape Town. Jiji hilo lina mtambo wa Steenbras, wa megawati 180, uliojengwa mwaka 1979. Unasukuma maji kwenda bwawa la juu wakati umeme upo wa kutosha, kisha unayaachia yashuke kuzungusha mitambo wakati umeme haba. Mgawo wa Afrika Kusini hupangwa kwa hatua, na kadiri hatua inavyopanda ndivyo umeme unavyokatwa zaidi. Kwa njia hiyo wateja wa jiji walipunguziwa mgawo kwa hatua moja, mara nyingine mbili, na hilo lilifanyika bila kificho. Kitaalamu tofauti ipo: maji unayafungulia utakapo, jua hulifungulii. Ila tuseme kanuni ilivyo hasa. Haisemi kila mtu azimiwe sawa. Inasema mwenye uwezo wa kuhifadhi nishati anaweza kujitoa. Kwa mji mdogo hiyo maana yake ni betri kubwa, na betri kubwa maana yake ni mtaji.

Hapa ndipo miji yenye nacho na isiyonacho inapoachana. Jenereta ni nafuu kuinunua na ghali kuiendesha. Sola ni kinyume chake. Asiyekopesheka huishia kwenye jenereta, analipia dizeli kila siku, na baada ya miaka michache ametumia fedha nyingi kuliko yule aliyefunga paneli. Bei ya mafuta ikiruka duniani kote, kama ilivyotokea mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, anapigwa mara mbili: umeme wa gridi umeadimika, na cha kuuziba pengo nacho kimepanda.

Angalia maji tu. Umeme ukikatika, pampu ya mji inasimama, tangi la juu linaendelea kushusha maji kwa saa kadhaa, kisha mabomba yanakauka, yakianza na nyumba zilizo mlimani. Mji wenye fedha una jenereta kwenye kituo cha pampu, na nyumba nyingi zina tangi lake. Mji usio na fedha unasubiri, na umeme ukirudi, maji ya kwanza yanatoka na tope lililokaa kwenye mabomba matupu. Zahanati nayo ina jokofu la chanjo linalotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Muuguzi hawezi kulieleza jokofu kuhusu ratiba.

Mfano ambao watetezi wa kujitegemea huupenda zaidi ni Feldheim, kijiji cha Ujerumani chenye watu wapatao 130. Kampuni iliyomiliki nyaya ilipokataa kuwauzia, wanakijiji walijenga mtandao wao wenyewe, ukawaka mwaka 2010, na waliounganishwa walichangia yuro 3,000. Ni kazi ya kusifiwa. Tusisahau tu kwamba kulikuwa na ruzuku ya umma, na mitambo ya upepo iliyoanza kusimikwa huko tangu miaka ya 1990. Kuna watu wengi ambao hata kuchanga yuro mia tatu hawawezi.

Lakini siamini kwamba fedha ndiyo kila kitu, na Adjuntas inanipa sababu. Ni mji maskini wa milimani huko Puerto Rico. Kimbunga Maria kilipoangusha gridi ya kisiwa kizima Septemba 2017, jengo la Casa Pueblo, jumuiya ya wakazi iliyoanza mwaka 1980 kupinga uchimbaji wa madini, lilikuwa na umeme kwa sababu lilikuwa limefunga sola tangu mwaka 1999. Watu walikwenda kuchaji simu na kutumia mashine za kupumulia. Mwaka 2023 wakazindua gridi ndogo inayohudumia biashara za katikati ya mji. Fedha nyingi zilikuwa za wafadhili, lakini wafadhili walimkuta mtu wa kumkabidhi: jumuiya yenye zaidi ya miaka thelathini, isiyosubiri janga ndipo iitishe mkutano wa kwanza.

Güssing, Austria, ni onyo la kuwekwa kando ya mifano hiyo miwili. Wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa maskini zaidi nchini, ikageukia nishati ya kuni na mabaki ya misitu, ikawa inatembelewa na wageni wa kujifunza. Mwaka 2013 kampuni ya mtambo wake mkuu ikafilisika. Kuzalisha umeme nyumbani hakukingi mji dhidi ya bei ya malighafi wala mwisho wa ruzuku.

Kwa hiyo ningeiruhusu Frankfort, kwa masharti. Nguzo, transfoma na mafundi vinahitaji fedha hata siku ambayo mteja hakuvuta uniti moja ya gridi, na wenye sola wakipunguza matumizi, mzigo huo unabaki kwa wale wasioweza kuondoka. Nyingi ya halmashauri za Afrika Kusini hutegemea mapato ya kuuza umeme kwa huduma nyingine pia. Anayetaka kubaki ameunganishwa kama akiba ya siku ya mawingu alipie akiba hiyo kila mwezi. Na ada isitozwe sawa kwa kila mita, maana hapo mwenye balbu mbili atalipa sawa na mwenye bwawa la kuogelea. Itozwe kwa ukubwa wa laini aliyowekewa mteja. Mwenye laini nene ndiye anayeweza kuishtua gridi jua linapojificha.