Dharau kwa wanawake Uarabuni: tulaumu dini, ukoo au serikali?

Aprili 2017 wanaharakati wa Lebanon walitundika magauni meupe ya harusi 31 kwenye barabara ya ufukweni mjini Beirut. Walikuwa wanapinga kifungu cha 522 cha kanuni ya adhabu: mbakaji akimwoa aliyembaka, kesi inakufa. Agosti bunge likakifuta. Tunisia ilikuwa imefuta cha kwake Julai na Jordan mwanzoni mwa Agosti hiyo hiyo. Morocco ilitangulia mwaka 2014, na Misri 1999.

Wengi waliosikia habari hizo walidhani kinachofutwa ni sheria ya Kiislamu. Ukifuata nyayo zake unafika Paris. Kanuni ya adhabu ya Napoleon ya mwaka 1810 ilimpa nafuu mtekaji aliyemwoa msichana aliyemteka, na Dola ya Uthmania, ile ya Waturuki iliyotawala sehemu kubwa ya Uarabuni, ilipoandika kanuni yake mwaka 1858 iliiga muundo wa Kifaransa. Italia, ambayo si nchi ya Kiarabu wala ya Kiislamu, ilibaki na kifungu cha namna hiyo hadi 1981. Lakini usikimbilie kuwatwika Wafaransa mzigo wote. Nyingi ya nchi hizi zilipata uhuru miaka ya 1940 na 1950, mabunge yakakutana mwaka baada ya mwaka, na kifungu kikaachwa kwa sababu kilizifaa familia zilizotaka aibu izikwe haraka.

Mjadala huu kwa kawaida una kambi mbili. Ya kwanza inasema tatizo ni dini na utamaduni. Ya pili inasema ni ukoloni, udikteta na uchumi. Kila moja ina ushahidi mzito, na kila moja ina mahali inapokwama.

Kambi ya kwanza huanza na maandiko. Sura ya nne ya Kurani, aya ya 34, inampa mume usimamizi juu ya mke, na aya ya 11 inampa mtoto wa kiume sehemu mbili za urithi dhidi ya moja ya binti. Talaka iko kinywani mwa mume. Kwa kuwa haya yana msingi wa andiko, ni magumu kuguswa hata na serikali yenye nia: mwaka 2018 rais wa Tunisia, Béji Caïd Essebsi, alipeleka mswada wa urithi sawa, na haukupita. Kisha kambi hii inatoa turufu yake, Saudi Arabia, nchi ambayo hakuna Mzungu aliyeitawala. Shule za wasichana zilipofunguliwa rasmi mwaka 1960 ziliwekwa chini ya masheikh, si chini ya wizara ya elimu. Machi 2002 shule moja ya wasichana mjini Makka iliwaka moto, wanafunzi 15 wakafa, na magazeti ya Saudia yenyewe yaliripoti kwamba polisi wa dini waliwazuia wasichana waliokuwa wakitoka bila abaya. Serikali ilikanusha, ila mwezi huo huo ikazihamishia shule hizo wizarani. Mpaka Agosti 2019 mwanamke mtu mzima hakupata pasipoti bila idhini ya walii wake, yaani mwanamume wa familia anayemsimamia, na walii wa mjane aliweza kuwa mwanawe wa kumzaa. Napoleon hahusiki na hayo.

Inapokwama ni hapa: mengi yanayoitwa ya Kiislamu ni ya kale kuliko Uislamu, na mengine hayafuati mipaka ya dini kabisa. Sheria za Waashuri za zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kule kaskazini mwa Iraki ya leo, ziliamuru mwanamke huru ajifunike barabarani na zikamwadhibu mjakazi aliyethubutu kujifunika. Shela ilikuwa alama ya daraja. Watu wa pwani yetu hawahitaji maelezo marefu, kwa sababu Unguja ya enzi za masultani wa Omani ilikuwa na desturi ya sura hiyo hiyo: mjakazi hakujitanda kichwa mbele ya waungwana, na baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa, kanga na baadaye buibui vikawa njia ya kutangaza kwamba mtu sasa ni huru. (Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909, jambo linalosema mengi kuhusu nani alikuwa mali ya nani.) Ukeketaji nao: nchini Misri, kwa takwimu za 2015, karibu wanawake 9 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, Waislamu na Wakristo wa Kikopti pia, ilhali Morocco na Tunisia haujulikani. Kurani ni ile ile. Kinachobadilika ni mahali.

Kwa hiyo tutazame ukoo, maana hapo ndipo mambo mengi yanapofungwa. Mwanaanthropolojia Mfaransa Germaine Tillion alisema mwaka 1966 kwamba kufungiwa kwa wanawake ni jambo la Bahari ya Mediterania nzima, kusini na kaskazini, na mzizi wake ni ukoo unaotaka ardhi na mabinti vibaki ndani. Uislamu ulimpa binti fungu la urithi, na fungu hilo ndilo lililouweka ukoo kwenye mtihani. Binti akiolewa nje, shamba linakwenda kwa wajukuu wa watu wengine. Dawa mbili zikapatikana: kumwoza kwa mtoto wa ami yake, au kumfanya aachie fungu lake. Hii ya pili bado inafanya kazi. Nchini Jordan inaitwa takharuji. Baba anafariki, kabla msiba haujapoa kaka wanaleta karatasi, dada anatia saini kwamba ameridhika, na anapewa kitu kidogo cha kumfuta machozi. Akikataa anaonekana mroho, na siku akiachika hana nyumba ya kaka ya kurudi. Ndiyo maana sheria ya familia ya Jordan ya mwaka 2010 iliweka miezi mitatu tangu kifo kabla takharuji haijasajiliwa, na Misri, kwa sheria namba 219 ya 2017, ikaweka kifungo kisichopungua miezi sita kwa anayezuia urithi wa mwenzake. Katika ugomvi huu kadhi yuko upande wa mwanamke. Anayemdhulumu ni kaka yake.

Mauaji ya "heshima" ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi jinsi ukoo na serikali vinavyoshikana mikono. Kanuni ya Napoleon ya 1810 ilimpa udhuru mume aliyemfumania mkewe na mwanamume nyumbani mwao, akaua. Ufaransa iliuondoa udhuru huo mwaka 1975. Waandishi wa kanuni ya Kiuthmania walipouchukua hawakuishia kwa mke, wakaongeza maharimu: binti, dada, mama. Nyongeza hiyo ndogo ndiyo sahihi ya ukoo kwenye karatasi ya Kifaransa, na kutoka hapo ikaingia kifungu cha 340 cha Jordan.

Mahakamani, hata hivyo, kifungu cha 340 hakikutumika sana, kwa kuwa kinadai fumanizi la kweli. Mawakili walitumia kifungu cha 98, kinachompunguzia adhabu aliyetenda akiwa na ghadhabu kali. Kaka amesikia uvumi, pengine wiki nzima iliyopita, amemuua dada, kisha anasema damu ilimchemka. Kosa la mauaji linashuka daraja. Halafu kinakuja kifungu cha 99: wenye haki ya marehemu wakisamehe, adhabu inapunguzwa nusu. Na wenye haki hiyo ni akina nani? Ni baba na ndugu, wale wale wa muuaji. Ukihesabu na siku za mahabusu, kuna waliotoka baada ya miezi tu. Tangu 2009 kesi hizi zina jopo maalumu la majaji na vifungo vimekuwa virefu zaidi, na mwaka 2017 utetezi wa ghadhabu ulifungwa kwa mauaji ya namna hii. Msamaha wa familia ulibaki. Na mwanamke aliyetishiwa kabla hajauawa? Kwa miaka mingi aliyefungwa ni yeye, gerezani, "kwa usalama wake," kwa amri ya mkuu wa mkoa, na kutoka kulitaka jamaa wa kiume aje kumdhamini. Nyumba ya hifadhi mahususi kwa wanawake hao ilifunguliwa 2018.

Kambi ya pili ina hoja nyingine nzuri kuhusu sheria ya familia. Kumbukumbu za mahakama za makadhi za karne ya 17 na 18, Cairo, Aleppo na Nablus, zinaonyesha wanawake wakiingia wenyewe kudai mahari, kuuza nyumba, na kuweka sharti ndani ya mkataba wa ndoa kwamba mume asioe mke wa pili. Madhehebu yalitofautiana: Hanafi inamruhusu mwanamke baleghe kufunga ndoa yake mwenyewe, Maliki inataka walii. Dola la kisasa lilichagua rai moja, likaichapa kuwa sheria, likaipa polisi. "Nyumba ya utii" ya Misri ni mfano: hadi 1967 mke aliyetoroka aliweza kurudishwa kwa mumewe na askari. Cromer, Mwingereza aliyeitawala Misri na kulaani shela kwa nguvu, alirudi kwao akaongoza chama cha wanaume cha kupinga wanawake kupiga kura. Watu kama yeye ndio waliofanya kila anayedai haki za wanawake aonekane kibaraka wa wageni, na hasara hiyo bado inalipwa.

Ila hoja ya ukoloni ina kikomo chake, na kikomo hicho ni Habib Bourguiba, aliyeiongoza Tunisia kupata uhuru. Tunisia ilipata uhuru Machi 1956. Agosti 13 mwaka huo huo ikapiga marufuku mitala na kuiondoa talaka kinywani mwa mume kuipeleka mahakamani. Miezi mitano. Wa nchi nyingine waliochukua miaka sitini hawakukosa muda. Wengi wao walikuwa watawala waliohitaji kuungwa mkono na masheikh na machifu wa makabila, wakalipa kwa sarafu isiyowagharimu wao: sheria ya familia.

Kuhusu uchumi nitasema kidogo. Mwaka 2008 Michael Ross, mtaalamu Mmarekani wa siasa, alitoa hoja kwamba mafuta, kuliko Uislamu, ndiyo yanayowaweka wanawake nyumbani, akalinganisha Algeria ya mafuta na gesi na majirani wake Morocco na Tunisia, ambako viwanda vya nguo viliajiri wasichana kwa maelfu. Inashawishi, lakini Saudi Arabia imeitikisa: ushiriki wa wanawake wa Kisaudi kwenye soko la ajira ulikuwa chini ya asilimia 20 mwaka 2017, na kufikia 2022 ulikuwa umevuka 33, mafuta yakiwa pale pale. Kilichobadilika ni ruhusa. Wakati huo huo, baadhi ya wanawake waliodai haki ya kuendesha magari walikamatwa Mei 2018, wiki chache kabla ya haki hiyo kutolewa. Serikali ilitaka ijulikane kwamba haki hutolewa na mfalme.

Anayengoja vijana wabadilishe mambo aangalie uchunguzi wa 2017 uliohoji watu karibu 10,000 katika Misri, Morocco, Lebanon na Palestina: mara nyingi vijana wa kiume hawakuwa na mawazo laini kuliko baba zao. Kijana wa Cairo asiye na kazi anadaiwa nyumba, fenicha na dhahabu kabla hajaoa, huku binti wa jirani akimpita chuoni. Alichoahidiwa kuwa, yaani mlezi wa familia, hakipati. Amri juu ya dada yake anayo bado.

Sheria nazo hurudi nyuma. Iraki ilikuwa na sheria namba 188 ya 1959, moja kwa Sunni na Shia, iliyoweka umri wa kuolewa kuwa miaka 18, au 15 kwa idhini ya hakimu. Januari 2025 bunge lilipitisha marekebisho yanayoruhusu wanandoa kuchagua fiqhi ya Jaafari, yaani sheria za madhehebu ya Shia, badala yake. Waliosukuma mabadiliko hayo walisema wanaondoa sheria ya kupachikwa na kurudisha dini. Waliopinga, wengi wao wanawake Waislamu, walikwenda kwenye mambo ya karatasi: baada ya talaka mtoto atakaa na nani, nyumba itabaki kwa nani, na ni nani atakayeamua ndoa yao inafuata kitabu kipi.