Mvua za Wastani na Mkono wa Birika

Kila mwaka kuelekea Novemba, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za Msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja tu kwa mwaka, Dodoma na Singida zikiwamo. Taarifa yenyewe ni ndefu: inaeleza mvua zinatarajiwa kuanza lini na kukoma lini, wapi zitazidi na wapi zitapungua, wakulima na wafugaji wajiandae vipi. Hadi ifike kijijini imeshaminywa ikabaki maneno manne: mvua ni za wastani.

Sasa lisikilize neno hilo linavyotumika nyumbani. Mshahara wa wastani, nyumba ya wastani, biashara ya wastani: yaani si haba, tunasukuma siku. Mkulima wa Bahi au Chamwino akilipokea kwa sikio hilo anaelewa kwamba mvua ipo ya kutosha, na anaweka mahindi shamba zima. Kumbe wastani wa watabiri ni hesabu. Wamechukua mvua ya miaka mingi iliyopita ya mahali hapohapo, wakaona kiasi gani ndicho cha kawaida pale, kisha wakasema mwaka huu utafanana na kawaida hiyo. Na kawaida ya Dodoma ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Katikati yake, mara nyingi Februari, jua hurudi kuwaka wiki mbili tatu, wakati mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Uwele na mtama huvumilia. Mahindi yananyauka ukiyaangalia. "Mvua za wastani" kwa mtu wa Bukoba ni habari nyingine kabisa, ingawa maneno ni yaleyale.

Nimeanzia hapo kwa sababu ya mabishano niliyoyasikia kwenye kikao cha wazazi wa shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji. Mzee mmoja, mkulima, alisimama akalalamika kwamba mjukuu wake wa darasa la sita anajua methali na nahau kumzidi yeye babu mtu, lakini akipewa karatasi ya maelekezo ya mbegu anaisoma kama anaimba. Ukimuuliza imesemaje, anaanza kuisoma upya. Mzee akataka shule ipunguze mafumbo, ifundishe watoto kusoma habari. Mwalimu wa Kiswahili akaanza na shikamoo, kisha akakataa katakata: mtoto asiyejua lugha ya mafumbo hajui Kiswahili, anajua maneno tu. Kikao kikagawanyika, mwenyekiti akaharakisha kwenda kwenye ajenda ya mchango wa chakula cha mchana, na suala likafia hapo.

Mzee ana hoja, na ninao ushahidi wa nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo aliwahi kupewa vidonge ndani ya bahasha ndogo ya kaki, juu imeandikwa kwa kalamu "2×3", basi. Aliyetoa dawa alimaanisha vidonge viwili, kutwa mara tatu. Mama mdogo akasoma viwili kwa siku, siku tatu. Siku ya nne akaviweka vilivyobaki kabatini, akiba ya mgonjwa mwingine. Tulipogundua tukamwita mjukuu wake, naye wa darasa la sita, asome bahasha. Akajibu bila kusita: "Sita, bibi." Hesabu kaipata. Alama ile darasani ni ya kuzidisha, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ikikaa juu ya bahasha ya dawa inakuwa sentensi, tena sentensi iliyokatwa kichwa na miguu, ambayo msomaji lazima airudishie viungo vyake: nani ameze, vingapi, saa ngapi, mpaka lini.

Malalamiko ya mzee yanazidi uzito ukiitazama safari nzima ya mwanafunzi wetu. Shule ya msingi ya serikali inamsomesha sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Akivuka kwenda sekondari, habari za mbegu, damu, udongo na biashara zote zinahamia Kiingereza, na kipindi cha Kiswahili kinabaki na sarufi, fasihi, utungaji, pamoja na ufahamu na ufupisho kidogo. Anamaliza kidato cha nne akiwa amezoea kukutana na Kiswahili kwenye riwaya na mashairi, na kukutana na taarifa kwa lugha ya watu. Halafu anarudi nyumbani Mpwapwa, na karatasi zinazomgusa nyingi ziko kwa Kiswahili: tangazo la upimaji wa viwanja, fomu ya mkopo wa halmashauri, masharti ya chama cha ushirika. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama pia. Karatasi zinaongezeka, na hakuna aliyemfundisha kuzisoma.

Ningeweza kuishia hapo nikamuunga mkono mzee. Kinachonizuia ni kwamba mwalimu naye ameshika jambo ambalo mzee halioni: habari zenyewe zimejaa mafumbo. Sisi wa Dodoma ndio wa mwisho kulibishia hilo, kwa sababu Bunge liko hapa.

Chukua msimu wa bajeti, Aprili mpaka Juni. Redio inatangaza kwamba mbunge fulani ameshika shilingi ya waziri. Anayesoma kwa macho makavu anaona sarafu mkononi mwa mtu. Anayependa mafumbo anadhani ni utani, kwamba wamechokozana. Wote wawili wamekosa. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia fedha za wizara fungu kwa fungu, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri. Lengo lake ni kulazimisha jambo lijadiliwe. Hesabu ya mshahara haimhusu. Akipewa majibu yanayomridhisha, anairudisha shilingi. Hiyo ni sitiari, lakini pia ni utaratibu wa kibunge. Usipoijua picha umeikosa habari, na usipoujua utaratibu picha inabaki kichekesho. Na hapo sijagusa hoja zilizowekwa kiporo, mawaziri waliobanwa, na huo "Mjengoni", yaani Bungeni, ambao mgeni akiusoma gazetini anaweza kudhani kuna fundi ujenzi anatafutwa.

Au chukua taarifa ya mfumuko wa bei. Inasema mfumuko umepungua, na mama lishe wa soko la Majengo anacheka kwa hasira kwa kuwa mchele haujashuka hata shilingi. Anadhani serikali inamdanganya. Tufanye hesabu ya kubuni. Debe la mahindi lilikuwa shilingi 10,000, bei ikapanda kwa asilimia 5, likawa 10,500. Mwaka uliofuata mfumuko "ukapungua" mpaka asilimia 3. Debe sasa ni 10,815. Bei imeendelea kupanda, kasi tu ndiyo iliyolegea. Neno lenyewe limebeba picha ya kitu kinachofumuka, kama mshono wa gunia: mshono unaweza kufumuka polepole kuliko jana na bado gunia likazidi kuwa wazi. Nani angemwonyesha mama lishe picha hiyo? Mwalimu wa hesabu hana muda wa neno, na mwalimu wa Kiswahili haigusi asilimia.

Kwa hiyo mwalimu kashinda? Hapana, na asishangilie mapema. Njoo tuone hayo mafumbo yanavyofundishwa.

Nilikaa nyuma ya darasa moja, kipindi cha nahau. Ubaoni: "mkono wa birika". Mwalimu akauliza maana. Kijana mmoja akanyoosha kidole akasema ni mkono wa kumimina. Darasa likacheka, mwalimu akamsahihisha: mkono wa birika ni mchoyo, andikeni. Wakaandika, wakahamia nahau ya pili. Yule kijana alikuwa amefanya kazi yote ambayo msomaji anatakiwa kuifanya. Aliliona birika, akauona mkono wake, akajiuliza unafanya nini. Alichohitaji ni swali moja zaidi: mkono huo umekaaje? Umekunjwa, haunyooki kumpa mtu kitu. Dakika moja tu, na picha ingefunguka. Badala yake alijifunza kwamba kuwaza ni kukosea na kwamba maana hutoka kwa mwalimu.

Methali ndizo zinazonisikitisha zaidi. Nyingi tunazokaririsha watoto wetu zilizaliwa pwani. "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Mtoto wa Kondoa ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya mto uliofurika kwa siku mbili anaambiwa maana yake ni kwamba mtu hata akienda mbali atarudi kwao. Anaandika. Hajui kwamba tezi ni upande wa nyuma wa chombo na omo ni upande wa mbele, wala kwamba ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakojikusanya. Hakufafanua fumbo, kameza jibu. Ili alifurahie alihitaji taarifa kwanza, kurasa mbili hivi kuhusu jahazi, zenye mchoro. (Sisemi methali za bahari ziondolewe bara, msije mkanisingizia. Nasema tu kwamba nasi tuna tembo wetu aliyezama kwenye matope, yule anayesimuliwa kuwa ndiye chimbuko la jina Dodoma, kutoka neno la Kigogo "idodomya", na bado sijasikia darasa likiulizwa kama simulizi hiyo ni historia, ngano, au vyote viwili.)

Hapo ndipo naona ugonjwa ulipo, na ndiyo maana nasema mzee na mwalimu walikuwa wakibishana juu ya kitu kimoja bila kujua. Shule zetu zinafundisha fumbo kama taarifa: orodha, maana upande wa kulia, kariri. Na zinafundisha taarifa kama fumbo lisiloteguliwa: soma kwa sauti, jibu maswali matano ambayo majibu yake yamenakiliwa kwenye kifungu, funga kitabu. Kote kuwili mtoto haulizwi maswali ya msomaji. Neno hili hapa limesimama kwa maana gani? Aliyeandika alikuwa anaongea na nani? Nikikosea, itanigharimu nini?

Walimu wenyewe watasema, na ni kweli, kwamba mtihani ndio unaoongoza. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba umekuwa na maswali ya kuchagua kuhusu maana ya methali na nahau. Swali la namna hiyo halimtofautishi aliyewaza na aliyekariri, na aliyekariri huwa na haraka zaidi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unazungumzia umahiri, neno zuri. Lakini umahiri wa kusoma bahasha ya dawa haupimwi kwa kutia kivuli kwenye herufi. Darasa nalo likiwa na watoto waliobanana watatu watatu kwenye dawati, mwalimu kuwauliza mmoja mmoja "umejuaje?" ni kutaka miujiza.

Pamoja na hayo, nikilazimishwa kuchagua nafasi ya ratiba, nampa mzee. Vipindi vya kusoma taarifa viongezwe, hata kama orodha ya nahau itapungua nusu, kwa sababu nahau mtoto atazikuta redioni, kwenye daladala na kwa bibi yake, ila jedwali la dozi hakuna atakayemsimulia jioni. Namna ya kufundisha ndiyo nampa mwalimu, kwa sharti kwamba mafumbo ayafungue, asiyakaririshe. Mkono uliofundishwa kulipindua birika na kulitazama utaijua pia "wastani" ikipita.

Wapo wanaofanya hivyo tayari. Mpwapwa nilimkuta mwalimu ameandika ubaoni maneno mawili tu: "kisiki hai". Ni jina linalojulikana sana Dodoma, la njia ya kurudisha miti bila kupanda miche: unatafuta kisiki ambacho mizizi yake haijafa, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unayapogoa mengine, unakiwekea alama, unakilinda na mifugo. Akawauliza watoto: hii ni nahau au ni taarifa? Nusu ya darasa wakasema nahau, maana kisiki ni kitu kilichokufa, hakiwezi kuwa hai, kwa hiyo lazima anasemwa mtu, labda mzee ambaye bado ana nguvu. Nusu wakasema ni mti. Hakuwajibu. Akawapa karatasi yenye hatua zile, akawatoa nje wakatafute.

Walirudi wanabishana. Binti mmoja alisema kile kisiki cha karibu na goli ni hai, amekikwangua kwa ukucha na ndani ni kijani. Mwenzake akasema si hai, hakina hata jani. Binti akamwambia asome hatua ya mwisho kwenye karatasi, kisha aende akaangalie kinyesi cha mbuzi kilichojaa pale chini.